Mabua Matatu ya Semeni

Si zamani sana, wala si mbali. Upepo ukigeuka, moshi wa meko yao hutufikia. Kulikuwa na nchi ambayo jina lake nimeombwa nisilitaje, nami ni mtu wa kuombeka. Katika nchi hiyo kila kitu kilitikisika, na kila kitu kilikuwa na mtu wa kukishika.

Chanzo chake kilikuwa heshima. Siku ya uhuru Mwasisi wa Taifa alichora mraba mchangani kwa fimbo yake, akatangaza kwamba nchi itasimama juu ya nguzo nne: Umoja, Utii, Subira na Makofi. Watu wakapiga makofi hapo hapo, kwa hiyo nguzo ya nne ilianza kazi kabla ya zile tatu, na mpaka leo ndiyo imara kuliko zote. Tangu siku hiyo mraba ukawa umbo la taifa. Nyumba, milango, meza, vitanda na madaraja vikajengwa kwa mbao za kusimama na mbao za kulala tu. Kupitisha ufito wa mshazari, ule unaokwenda upande kutoka kona hadi kona, kulihesabiwa sawa na kuchukua kalamu na kuufuta mraba wa Mwasisi. Adhabu yake hakuna aliyeijua, maana hakuna aliyewahi kuthubutu.

Sasa, mbao nne zilizopigiliwa misumari kwenye kona tu, bila kitu cha kuzizuia, ukiziegemea zinalala. Nchi nzima ikawa inalala upande. Wataalamu wakaitwa, wakakaa vikao, wakapata dawa, na dawa yenyewe ilikuwa watu. Ikaundwa Idara ya Kushikilia. Kila jengo la umma likapewa mshikaji wake mwenye sare, mshahara na kiinua mgongo. Bunge lilikuwa na washikaji wengi kuliko wabunge, na inasemekana wao ndio waliokuwa macho. Majumbani watu walishikiana wenyewe. Ukimtembelea mtu, alikukaribisha kiti, kisha akachuchumaa akakishika miguu mpaka uage. Harusini, mpambe wa bwana harusi alikuwa na kazi moja ya ziada upande wa kitanda ambayo si ya kuandikwa hapa. Asubuhi watu walisalimiana, "Mmeshikilia?" na kuitikiana, "Tumeshikilia, tunashukuru." Hakuna aliyeona ajabu. Sisi wa huku tuna haki ya kucheka, kwa sababu huku kwetu, kama mjuavyo, kila kitu kimesimama chenyewe.

Katika nchi hiyo alikuwepo mwalimu wa watoto wa awali aitwaye Zawena. Alifundisha katika banda la mbao lililoezekwa bati, ambalo ukuta wake wa upande wa mvua ulishikwa na Mzee Ngwali kuanzia kengele ya asubuhi hadi ya kutoka. Mzee Ngwali aliviweka viganja vyake juu ya mbao kwa adabu, kama mtu anayempima mgonjwa homa, na kwa miaka aliyosimama hapo alikuwa amezijua nyimbo zote za watoto. Walipofika pabaya yeye ndiye aliyewakumbusha ubeti.

Zawena alikuwa mwalimu wa muda. Muda wenyewe ulikuwa umedumu kuliko ndoa nyingi za mtaani kwao. Kila mwaka aliahidiwa kuthibitishwa kazini, na kila mwaka ahadi ilikuwa na afya njema kuliko yeye. Alichokitaka ni nyumba ya mwalimu. Mama yake mzee aliishi kwenye chumba kibovu alichokishikilia peke yake, mkono mmoja ukutani na mwingine kwenye mwiko, na Zawena aligeuza uso kila mama alipopika. Akithibitishwa tu, mama atapumzisha mkono. Hilo lilikuwa moyoni mwake asubuhi na jioni.

Basi siku moja wafadhili wakaipa nchi mkopo, na miongoni mwa masharti, kwa sababu wazijuazo wenyewe, wakataka watoto wadogo wafundishwe pembetatu kwa vitendo. Wizarani kukawa na kizaazaa. Pembetatu ilikuwa haijawahi kutajwa hadharani. Wakubwa wakajadiliana ikiwa ni tusi au ni upungufu tu, na mwisho wakatoa mwongozo uliosema hivi: "Pembetatu ni mraba uliokosa malezi. Mtoto aitengeneze kwa mikono yake mwenyewe, aione ilivyo dhaifu, aihurumie, kisha aikamilishe iwe mraba."

Zawena alikuwa mtiifu, akaufuata mwongozo neno kwa neno. Huko ndiko alikokosea. Ukimwambia mkubwa ajionee kwa mikono yake, atasubiri kwanza aone mwenzake kaona nini. Mtoto ukimwambia hivyo, anashika.

Walianza vizuri. Wakakunja leso kona kwa kona, wakapata pembetatu, wakazifunga kichwani. Wakaitafuta pembetatu kwenye maandazi, wakaipata, wakaila. Siku iliyofuata mwalimu akaleta mabua ya mtama na miiba ya michongoma, akawaonyesha namna ya kuunganisha bua na bua kwa kuchoma mwiba kwenye ncha. Mabua matatu, miiba mitatu. Wengine wakatengeneza mraba, mabua manne, miiba minne, ili huruma ipate kulinganishwa.

"Sasa tikiseni," akasema Zawena, akichungulia mwongozo. "Tuone ni ipi dhaifu."

Miraba ikalala. Ikasimama, ikalala upande wa pili, ikafumbwa kama mdomo. Watoto hawakushangaa, kwani ndivyo vilivyokuwa vitanda vyao.

Kwenye benchi la mbele alikaa Semeni, msichana wa miaka sita, mjukuu wa bibi aliyeuza maandazi getini. Alikuwa na pengo la meno ya mbele na tabia ya kukunja uso anapofikiri, kama mtu aliyeng'ata limau. Alikuwa ameshika pembetatu yake kwa mikono miwili, anaisukuma.

"Mwalimu, hii haikubali."

"Haikubali nini?"

"Kulala."

"Isukume, Semeni. Ni dhaifu hiyo."

"Nimeisukuma. Inanirudisha mimi."

Wenzake wakajaribu za kwao. Hakuna iliyokubali. Darasa likaingia ukimya wa watoto wenye shughuli, ambao ni wa hatari kuliko kelele. Semeni akaukunja uso, akaazima mraba wa jirani yake, akachukua bua moja refu akalilaza ndani yake kutoka kona hadi kona, akachoma mwiba huku na mwiba kule. Akasukuma.

"Na huu sasa hautaki," akasema.

Zawena aligeuka akatazama mlangoni. Ndivyo walivyofanya watu wote wa nchi ile walipoona jambo la kweli: kwanza walitazama mlango. Hapakuwa na mtu. Akainama akausukuma ule mraba kwa kidole chake mwenyewe, polepole, halafu kwa nguvu. Haukwenda popote. Furaha ikampanda bila idhini ya Wizara. Miaka yote hiyo amesomea maumbo, ana cheti cha maumbo, na ndiyo kwanza leo ameliona moja.

"Mpigieni Semeni makofi ya kilo!" akasema, naye akawa wa kwanza kupiga.

Watoto wakitiwa moyo hawajui kupoa. Kesho yake wakaja na ufito walioung'oa kwenye ua wa nani sijui, wakausimamisha kwenye kona ya darasa. Zawena akasema, "Tunajaribu tu," neno ambalo limewahi kuangusha serikali, akaupigilia mwenyewe kwa jiwe, mshazari, kutoka sakafuni hadi juu ukutani.

"Mzee Ngwali," akasema kwa upole, "hebu achia kidogo."

Mzee akaachia kidole kimoja kimoja. Ukuta ukabaki. Akasimama na mikono imenyooka mbele, hajui aiweke wapi, kisha akatoka nje akaenda haja, kwa mara ya kwanza saa za kazi bila kuomba wa kumpokea. Aliporudi aliutazama ukuta muda mrefu.

"Haukuniulizia?"

"Haukukuulizia, babu," akajibu Semeni.

Mzee akacheka. Kicheko kikamwishia njiani, akaketi kwenye benchi la watoto, magoti yakamfika kidevuni. "Mwalimu," akasema kwa sauti ya chini, "mimi nina watu nyumbani wanaokula ukuta huu."

Zawena aliutazama ufito. Alikuwa hajalifikiria hilo, na ilimwuma.

Habari zikatembea na watoto. Kila mmoja alipofika kwao aliona kitu kinachotikisika, na alikuwa na fimbo. Vigoda vikatulia. Vitanda vikatulia. Mpambe mmoja akaambiwa asante mapema, akarudi kwao amenuna. Chama cha Washikaji kikaitisha maandamano ya nchi nzima kupinga mabua, lakini kwa kuwa hakuna aliyeweza kuachia jengo lake, waliandamana pale pale walipo, kwa miguu tu, huku mikono ikiwa ukutani. Wakubwa wakaona zile nyayo zinavyokanyaga papo kwa papo, wakaogopa.

Ikaja taarifa: Mkaguzi Mkuu wa Maumbo, Mheshimiwa Tamimu, atalitembelea darasa la Mwalimu Zawena. Katika safari hiyo hiyo ataamua pia suala la walimu wa muda.

Zawena aliisoma akaketi. Watoto walipokwisha kutoka, aling'oa ule ufito wa kona, akauficha chini ya kanga akaenda nao nyumbani. Jioni hiyo akaukata vipande, akapikia maharage. Ulikuwa mkavu, ukaungua vizuri. Mama yake, mkono mmoja ukutani, alionja akasema maharage ya leo yana moshi kidogo, lakini hayakosi chumvi. Zawena alikula akitazama sahani. Alijiambia kwamba kuni ni kuni, na kwamba mtu mzima hufanya la kufanya.

Siku ya ukaguzi Mzee Ngwali alikuwa ameshawekwa ukutani tena, sare imepigwa pasi. Watoto wakauliza ufito wao uko wapi. Mwalimu akawaambia waimbe.

Mheshimiwa Tamimu akaingia na kiti chake. Kiti kilishikwa na wasaidizi wawili waliochuchumaa huku na huku, na kwa kuwa mheshimiwa alipenda kuhutubia kwa mwili mzima, walikuwa wakiyumba naye kama watu waliomo kwenye mtumbwi mmoja.

"Ndugu mwalimu, ndugu wanafunzi, ndugu kuta," akaanza. "Nimepata habari za kusikitisha. Nimeambiwa hapa kuna vitu vinasimama vyenyewe. Nawauliza, nchi hii imesimamishwa na fito? Imesimamishwa na watu! Mwasisi angetaka fito angezichora! Ukiona kitu kimesimama na hakuna aliyekishika, usifurahi. Jiulize, nani amekituma?"

Nguzo ya nne ikafanya kazi yake. Mheshimiwa akasubiri makofi yaishe, akapoza sauti.

"Sasa nitauliza swali jepesi. Nani aliyeupitishia mraba wa taifa mstari wa mshazari?"

Mbele kabisa mkono ukapanda. Semeni aliunyoosha mpaka akainuka kwenye benchi, kama watoto wanavyoinua mkono wanapojua jibu na kuogopa kwamba atachaguliwa mwingine.

"Mimi, Mheshimiwa! Na mwalimu alinipigia makofi ya kilo!"

Alilisema kwa fahari, akageuka akamtazama mwalimu wake ili wafurahi pamoja.

"Mtoto hana kosa," akasema Mheshimiwa, na sauti yake ilikuwa ya huruma kweli. "Mtoto ni mtoto. Kosa ni la mkubwa aliyempigia makofi. Mwalimu, ulipiga?"

Hapo mlango ulikuwa wazi. Zawena angesema ndiyo, na mtoto angebaki salama. Mheshimiwa alikuwa amekwisha kumsamehe mbele ya watu wote. Gharama ingekuwa ya mwalimu peke yake. Aliyajua hayo yote kwa wakati mmoja. Akamwona mama yake na mwiko. Uso umeumbwa na haya, wanasema, lakini mdomo haukuumbwa na kitu.

"Sikupiga, Mheshimiwa," akasema. "Mtoto huyu ana tabia ya kujibunia."

Semeni hakulia. Aliukunja uso tu, kama alivyoukunja siku ile ya mabua, akawa anafikiri.

"Vizuri," akasema Mheshimiwa. "Basi tumsaidie. Mpe hiyo pembetatu, aitikise mbele ya wenzake, aone udhaifu wake, aihurumie. Ndivyo mwongozo unavyosema."

Semeni akaja mbele na mabua yake matatu. Akayashika, akasukuma, akavuta, akasukuma tena. Aliifanya kazi ile kwa uaminifu, ulimi umetokeza kwenye pengo. Pembetatu haikulala.

"Inatikisika au haitikisiki?" akauliza Mheshimiwa.

Watoto wote wakamtazama mwalimu wao.

"Inatikisika," akasema Zawena. "Watoto, semeni pamoja. Ina..."

"Inatikisika," wakasema wachache.

"Sijasikia!" akasema Zawena.

"Inatikisika!"

"Sijasikia! Kwa sauti!"

"I-NA-TI-KI-SI-KA!" wakapaza wote, na kutoka ukutani sauti nene ya Mzee Ngwali ilikuwa imo, kwa mazoea ya kuitikia. Mdomo wa mtu mmoja tu haukufunguka. Semeni alikuwa ameisogeza ile pembetatu karibu na macho yake, anaikagua mwiba kwa mwiba, akitafuta mahali ambapo wenzake wamepaona.

Mheshimiwa akakunja nyusi. Wasaidizi wakakiweka kiti sawa. Zawena akaona mwaka mwingine wa muda unamjia, na chumba kile, na mkono ule. Akainama kando ya mtoto, akatabasamu tabasamu la mwalimu anayesaidia, akaweka dole gumba katikati ya bua moja, akalivunja. Lilitoa mlio mdogo sana. Mabua yakalegea, yakalala upande huu, akayalaza upande wa pili, mbele ya wote.

"Mnaona?"

Mheshimiwa akapiga makofi kwa mikono juu. Chini ya makofi hayo, karibu na sikio lake, Zawena akasikia sauti ya Semeni, wala haikuwa ya kulaumu, ilikuwa ya mtoto anayehesabu.

"Sasa ni manne, mwalimu."

Zawena alithibitishwa kazini papo hapo. Baadaye akapewa nishani ya mraba, pamoja na mtu wa kuishika isitikisike wakati wa picha. Akapewa na nyumba ya mwalimu. Ilikuwa na vyumba viwili, kwa hiyo mama yake sasa alikuwa na kuta nyingi zaidi za kushika. Mama hakulalamika. Alimwombea dua mwanawe kila jioni, akihama kutoka ukuta huu hadi ule.

Darasa lake likawa la mfano. Walimu kutoka wilaya nyingine walikuja kujifunza, wakakuta watoto wamenyooka kama mistari. Aliyekuwa kivutio kikubwa ni Semeni, ambaye alikuwa amehamishiwa benchi la nyuma, benchi la wanaojibunia, na ambaye sasa hakukosa swali hata moja. Zawena aliinua mraba wa karatasi akauliza, "Semeni, hii ina pande ngapi?" Mtoto hakuutazama mraba. Alimtazama mwalimu mdomoni, akangoja.

"Wewe umesema ni ngapi, mwalimu?"

"Nne."

"Nne," akasema Semeni, akaketi.

Wageni wakaandika. Wakasema hawajawahi kuona mtoto wa miaka sita mwenye nidhamu kiasi hicho. Zawena aliwaaga kwa tabasamu, kisha akaenda nyuma ya choo cha walimu akasimama hapo peke yake mpaka kengele. Aliona aibu, na haikuwa ile aibu ya kupita ambayo mtu huisahau akishiba. Aliamka nayo, akavaa nayo, akaandika nayo ubaoni.

Kilichomchoma zaidi ni bibi wa maandazi. Bibi yule, kila alipomwona getini, alimfungia maandazi mawili ya ziada kwenye gazeti, na ukimkatalia anakasirika.

"Chukua, mwanangu, chukua. Mjukuu wangu siku hizi ametulia! Zamani kutwa ananiuliza hiki kwa nini, kile kwa nini, kichwa kinaniuma. Sasa kimya. Mungu akubariki, mwalimu, umemlea."

Maandazi yalikuwa ya pembe tatu. Zawena akaanza kupita njia ya nyuma, penye matope, ili asibarikiwe.

Mara moja alijaribu kurekebisha. Alimwita Semeni wakiwa wawili, akampa mabua matatu na miiba, akamwambia acheze apendavyo. Mtoto akayapanga mabua sawasawa mezani, yote yamelala, hakuunganisha hata mawili.

"Huchezi?"

"Niambie kwanza itatikisika au haitatikisika," akasema Semeni, "nisije nikakosea."

Zawena alitaka kumwambia. Akatazama mlangoni, mtu mmoja alikuwa akipita na ndoo, neno likarudi lilikotoka.

Ikafika Sikukuu ya Mraba. Serikali iliamua kuwaenzi washikaji wa nchi nzima kwa gwaride kubwa uwanjani, na ili wawe na ukakamavu, wakaitwa wote kwenye mazoezi siku ya kazi. Mtu mmoja kikaoni alithubutu kuuliza majengo yatashikwa na nani. Akajibiwa na waraka: kwa muda wa mazoezi, wananchi washikilie kwa moyo.

Mzee Ngwali akaondoka asubuhi na sare yake. Kabla ya kutoka aliupiga ukuta kofi dogo la kuagana. "Usinitie aibu," akauambia.

Mvua ilikuja kabla ya saa ya uji, na upepo wake ulitokea upande ule ule. Zawena alikuwa anaandika ubaoni, mkono wake ukaenda kombo, akadhani ni yeye. Kisha akasikia misumari inalia. Akageuka akaona ukuta wote unaingia ndani taratibu, kama mtu anayeinama kukusikiliza, na bati la juu limeanza kuchungulia mbingu.

"Tokeni! Watoto, tokeni nje, kwenye baraza ya ofisi! Mbio!"

Wakati wanatoka yeye alikwishafika ukutani. Akaweka viganja viwili juu ya mbao, miguu akairudisha nyuma mpaka visigino vikapata ufa wa sakafu, mikono imenyooka, mwili wote umelala upande kutoka sakafuni hadi ukutani. Akasukuma. Ukuta ukasukuma nao. Mifupa ya mabega ikalia. Halafu, kwa mshangao wake mwenyewe, mambo yakatulia. Upepo ulivuma, bati likapiga kelele, lakini ukuta haukwenda popote.

Benchi zote zilikuwa tupu. Mlangoni pakabaki mtoto mmoja, maji yanamchuruzika kutoka kwenye nywele, hakuwa amekwenda na wenzake. Alikuwa ameukunja uso.

"Semeni, nenda kwa wenzako!"

Semeni hakwenda. Aliinua kidole, akauchora ukuta hewani kutoka juu hadi chini. Akaichora sakafu, kutoka mguu wa ukuta mpaka kwenye visigino vya mwalimu wake. Kisha kidole kikapanda polepole, kikapita juu ya miguu, juu ya mgongo, juu ya mikono, mpaka pale viganja vilipogusa mbao. Kikarudi kilikoanzia.

"Mwalimu," akasema, na kwa mara ya kwanza tangu siku ya ukaguzi sauti yake ilikuwa ile ya zamani. "Ni tatu."

Zawena akajitazama. Alikuwa amelala upande kona kwa kona, mahali pale pale, kwa mshazari ule ule wa ufito aliopikia maharage. Akamwona Mzee Ngwali miaka yote ile, na washikaji wa benki, na wa Bunge, na mama yake, kila mmoja ameegemea ukuta wake hivyo hivyo. Nchi nzima ilikuwa ikisimama juu ya lile umbo walilokatazwa kulitaja, na ilikuwa imelitengeneza kwa migongo ya watu.

Semeni akasogea hatua moja. Aliutazama ukuta, akamtazama mwalimu. Tahadhari ilikuwa imemrudia usoni.

"Inatikisika au haitikisiki?"

Maji ya mvua yalimwingia Zawena shingoni. Akasema, kwa pumzi iliyobaki, "Haitikisiki."

Bati lilikuwa linapiga kelele. Mtoto akaweka kiganja nyuma ya sikio. Hakuwa na ubaya wowote moyoni. Alisema tu kama alivyofundishwa darasani kusema.

"Sijasikia, mwalimu. Kwa sauti."

Zawena alifungua mdomo. Na kabla ya neno kutoka, macho yake, yenyewe, bila kuombwa, yakapita juu ya bega la mtoto yakaenda mlangoni.

Semeni aliyaona yakienda. Naye akageuka, aone mwalimu wake anamtazama nani. Hapakuwa na mtu. Palikuwa na uwanja mtupu, na mvua, na mlingoti wa bendera ambao siku hiyo nao haukuwa na wa kuushika. Mtoto akatazama hapo kwa muda, akiwa bado na mkono sikioni, kisha akamgeukia tena mwalimu wake na kungoja.

Uso ulimwaka Zawena mpaka masikioni. Alitamani kuufunika, hata kwa kiganja kimoja tu, lakini mikono yake yote miwili ilikuwa ukutani, na akiachia bati litaanguka. Akabaki hivyo, uso wazi mbele ya mtoto wa miaka sita, na mtoto akaendelea kumtazama mdomoni.